Pumzi ya Chumba cha Pili

Mchana kweupe, saa sita kasorobo, jumba la maduka ya vyombo vya umeme likiwa limefurika watu hata bega la huyu linaliomba radhi bega la yule, lango la chuma la duka la pembeni liliporomoka kwa kishindo na kumfungia ndani mwanamke aliyekuwa akichagua hedifoni.

Mwanamke huyo alikuwa mpima masikio katika zahanati iliyokuwa barabara ya pili kutoka hapo. Alikuwa amevaa gauni refu la rangi ya majani makavu, mtandio mweupe uliobanwa kwa pini chini ya kidevu, na raba zisizotoa mlio, kwa maana kazi yake haikupenda viatu vyenye maneno mengi. Hakupiga kelele. Aligeuka taratibu, kama ageukavyo mtu aliyezoea kuuliza sauti imetoka wapi, akamwona mwanamume amepiga magoti kando ya lango, shati la buluu limekunjwa hadi viwikoni, mkononi ameshika kinasa sauti kilichovikwa manyoya kama paka.

"Samahani sana, dada," alisema mwanamume bila kuinuka. "Nilimwomba mwenye duka ashushe lango mara moja tu. Sikujua kuna mtu ndani."

"Sasa umejua. Lipandishwe."

"Linapandishwa. Ila ningeomba lipande polepole. Sauti ya kupanda si sawa na ya kushuka."

"Kaka, wewe mzima kweli?"

"Kwa kiasi. Natengeneza gemu za kutisha."

Kutoka nje ilisikika sauti ya mwenye duka, nzito na isiyo na haraka: "Limekwama. Vuteni subira humo ndani, namwita fundi."

Mpima masikio akaketi juu ya sanduku la redio. Mwanamume naye akaketi sakafuni, mbali kwa adabu, akajifuta vumbi magotini. Mwanamke ndiye aliyeanza kusema.

"Kwa hiyo watu unawaogopesha kwa lango la duka."

"Kwa lango, kwa ngazi, kwa bomba linalovuja. Hujaogopa wewe lilipodondoka?"

"Nilishtuka. Kushtuka na kuogopa si kitu kimoja. Paka akiangusha sufuria utashtuka, na kabla hujameza mate kumekwisha. Kuogopa ni pale unapoiona sufuria ukingoni, paka yuko karibu, na haijaanguka bado."

Mwanamume akamweka chini yule paka wake wa kunasia sauti. "Tafadhali, rudia hilo."

"Mimi si kaseti."

Akacheka, na mwanamke, ambaye hakuwa amekusudia kucheka, akacheka naye. Kisha akamweleza kazi yake. Katika zahanati kuna kibanda kidogo chenye kuta nene, kisichopitisha sauti. Mgonjwa huingia, huvaa hedifoni, hupewa kitufe, huambiwa: ukisikia mlio, bonyeza. Mpimaji huupunguza mlio hadi ukatoweka kabisa. Hapo ndipo ajabu huanza, kwa kuwa watu huendelea kubonyeza.

"Wanabonyeza nini na hakuna kitu?"

"Wanasikia. Mtu akiambiwa asikilize, na kimya kikawa kirefu, sikio lake halikubali kukaa bure. Linajitengenezea." Akakiashiria kile kinasa sauti. "Wewe unahangaika kununua majitu na meno yao. Mpe mchezaji wako kimya na sababu ya kusikiliza. Majitu ataleta mwenyewe kutoka nyumbani kwao."

Fundi alipofika na lango likainuliwa, walikuwa wamekwisha kupeana namba za simu, kwa ajili ya kazi, kama walivyosema wote wawili. Na kila mmoja alijua kuwa mwenzake hajasema kweli yote.

Mapenzi ni mgeni asiyebisha hodi; huonekana tu ameshaketi sebuleni. Wiki hazikuwa nyingi kabla simu ya mwanamume haijawa ada ya kila siku katika saa ya mapumziko ya mchana.

"Msikivu wangu, hujambo?"

"Sijambo, Mtishaji. Leo umemtisha nani?"

"Nimejitisha mwenyewe. Nimeangalia shati langu nikaona nilivaa hilihili siku uliponiona."

"Lile la viwiko? Basi lichome moto, usiniletee mikosi."

Naye mwanamke, ambaye hapo kabla aliziona gemu kuwa ni upuuzi wa watu wasio na kazi, alianza kuulizia habari zake kama aulizavyo mtu habari za shamba la mchumba. Mwanamume alimfundisha kwamba katika michezo ya aina hiyo mchezaji hapewi nguvu za kutosha, na hilo hufanywa kwa makusudi. "Bunduki ikiwa na risasi mia," alisema, "jitu ni shabaha tu. Ikiwa na risasi mbili, jitu ni jitu."

"Hata hizo mbili zinampa kiburi," mwanamke alijibu. "Mnyang'anye zote, umpe mtu wa kumlinda."

Siku hiyo walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati, jua limewatandikia mwanga miguuni. Mwanamke akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu yeyote.

Alikuwa na miaka kumi na miwili mama yake alipougua kifua. Kila alasiri, akitoka shuleni, aliketi mezani sebuleni na daftari lake, na mama alilala chumba cha pili, nyuma ya pazia. Pumzi ya mama ilisikika: inapanda, inashuka, na mwishoni ina mkwaruzo mdogo, kama mlango usiofunga vizuri. Kisha wakati mwingine ilikatika.

"Nikawa nahesabu. Nikiinuka nikaangalie, nitajua. Nikikaa, bado nina mama. Moja, mbili, tatu. Kila mara ilirudi kabla ya kumi. Sikuwahi kujua ningefanya nini kwenye kumi."

"Na siku ilipofika kumi?" mwanamume aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikuwepo. Nilikuwa darasani." Akakunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Baba naye alikuwa akirudi mchana kutoka kazini kwake, anajilaza kwenye kiti kirefu palepale sebuleni, anafumba macho. Nilimwekea kinyongo kwa usingizi ule. Na mchana wote ulikuwa na jua, unaona? Watu wanasema woga ni wa giza. Mimi nauogopa mwanga wa alasiri mpaka leo."

Mwanamume aliyaondoa macho yake kwenye uso wa mwanamke, akayatua chini kwa heshima. Laiti adabu ile ya macho ingalishuka hadi mikononi mwake.

Posa ilipangwa. Baba wa mwanamke, fundi cherehani mstaafu aliyepungukiwa masikio lakini si akili, alikubali kuwapokea wazee wa mwanamume siku ya Ijumaa baada ya sala. Siku mbili kabla yake, yaani Jumatano, palikuwa na maonyesho ya michezo ya kompyuta katika ukumbi mkubwa, na mwanamume alimpigia simu asubuhi, sauti yake ikichezacheza kwa furaha.

"Njoo, roho yangu. Nimeimaliza. Nataka uisikie wewe kabla hujawa mke wangu, usije ukasema nilikuficha."

Alikwenda amevaa gauni la zambarau alilolitunza kwa siku njema. Ukumbini, mbele ya meza ya mwanamume, palikuwa na msururu mrefu. Wachezaji walikuwa wakiinuka kimya, wengine wakijishika vifua, na mmoja alimwambia mwenzake, "Hakuna hata jitu moja. Nimeshindwa kukaa." Mwanamume alimwona mpenzi wake, akamwekea kiti, akamvika hedifoni kwa tahadhari asiuvuruge mtandio.

Mbele yake paliwaka sebule yenye jua la alasiri. Meza. Daftari. Pazia. Na kutoka chumba cha pili, pumzi: inapanda, inashuka, na mwishoni mkwaruzo mdogo, kama mlango usiofunga vizuri.

Kisha ikakatika.

Alijikuta anahesabu. Alipofika tisa vidole vyake vilikuwa baridi kama vya maiti. Pumzi ikarudi. Akavua hedifoni, akaziweka mezani kwa upole unaotisha kuliko kishindo.

"Nani alikupa hii?"

Tabasamu la mwanamume lilikuwa bado halijapata habari. "Wewe, laazizi. Siku ile kwenye benchi."

"Nilikuambia. Sikukupa."

"Pumzi ni yangu mwenyewe, nilihemea kitambaa kilicholowa. Jina sikutaja, sura sikuchora. Nilitaka uone namna ulivyonigusa. Watu wote hawa leo wamemwogopea mama yako, wasiomjua hata..."

"Na mimi unajua nimebaki na nini?" Hakupandisha sauti, wazoefu wa kimya hawahitaji. "Mtu akiingia kwenye kibanda changu, majibu yake nampa yeye, nafunga faili. Mumewe akija kuniuliza, simwambii. Mama yake akija, simwambii. Nilidhani na wewe una kibanda."

"Msikivu..."

"Wazee wako wasije Ijumaa."

Akatoka, gauni la zambarau likipita katikati ya watu waliokuwa wakingoja zamu yao ya kuogopa.

Neno la siri ni amana, na amana haina udogo. Wajuzi wa mizani wangesema:

Aloaminiwa neno, halipeleki sokoni,
Hulificha kwa mfano, wa lulu mwake kombeni.

Mwanamume yule hakuwa mwovu. Alikuwa na ugonjwa wa mafundi wote: kila zuri alionalo huliona kuwa ni mbao ya kuchongea. Alipiga simu mara saba jioni ile. Mwanamke aliitazama simu ikiwaka na kuzimika juu ya meza, na mara ya saba alipoona haikuja ya nane, alichukizwa kugundua kwamba alikuwa akiingoja.

Alhamisi asubuhi, mgonjwa wa tatu aliyeingia zahanati alikuwa dada mkubwa wa mwanamume, ndiye mchoraji wa picha zote za mchezo ule. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye madoa ya wino vidoleni.

"Wifi, nimekuja kupimwa. Sikio la kushoto halisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu jana usiku, mdogo wangu alipoanza kulalamika."

Mpimaji alijizuia asicheke, akamvika hedifoni, akampima kweli, kwani aliyeingia kibandani ni mgonjwa hata akiwa mjumbe. Masikio yalikuwa mazima yote mawili. Akafunga faili.

"Haya, sema lililokuleta."

"Ameiondoa ile pumzi. Yote, na nakala zake, amefuta mbele yangu. Wale waliotaka kuisambaza gemu wameicheza tena jana hiyohiyo, wakasema sasa ni nyumba tu yenye pazia, wakaaga. Kazi ya miaka mitatu, wifi."

"Kwa hiyo kakutuma niwarudishie."

"Amenikataza nisije. Lakini mimi nimemnawisha uso huyo akiwa hajui mlango na dirisha. Hawezi kunikataza kitu. Nilimwambia, nenda kamwombe ruhusa, ni mpole yule. Akaniambia, mwizi haendi kwa aliyemwibia kuomba azawadiwe." Mchoraji akainuka, akajifunga upya kitambaa chake kichwani. "Mimi sikuombi kitu. Nimeona tu usimhukumu kwa nusu ya kesi."

Alasiri hiyo mpima masikio alirudi nyumbani mapema. Baba yake alikuwa sebuleni, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa amekwisha kuitundika ukutani, naye amekivua kifaa chake cha sikio na kukishika kiganjani kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe. Mpira wa kifaa hicho ulikuwa umeziba. Binti akaketi kando yake, akaanza kuusafisha kwa sindano nyembamba, na kwa kuwa baba alikuwa hasikii vizuri wakati ule, maneno yalimtoka kwa urahisi zaidi. Lakini alipomaliza na kukivisha kifaa sikioni, baba akasema:

"Anza upya, mama. Nimesikia nusu."

Akaanza upya. Akamweleza lango, benchi, sebule yenye jua, pumzi, na kuhesabu. Alipofika kwenye tisa, mzee akainua mkono.

"Ulikuwa ukifika tisa, penseli inasimama."

"Nini, baba?"

"Penseli yako. Ilikuwa inakwaruza kwenye daftari, kisha pumzi ya mama yako ikikatika nayo inapungua, inapungua, halafu inasimama. Nilikuwa naisikia."

Binti alimtazama kama anayemtazama mtu aliyerudi safari. "Hukuwa umelala?"

"Mwanangu, nani angelala? Nilifumba macho ili usiyaone. Masikio yangu yalikuwa mazima wakati ule. Nilikuwa nasikiliza vitu viwili, pumzi yake na penseli yako. Pumzi ikisimama, nilisema, Ewe Mola, usimchukue. Penseli ikisimama, nilisema, Ewe Mola, mtoto huyu."

"Miaka kumi na minane nimekuwekea kinyongo kwa usingizi ule."

"Nilijua una jambo. Nilidhani ni kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kumpeleka mbali kutibiwa." Mzee akajipangusa uso kwa kiganja, kutoka paji hadi ndevu. "Nilidhani mtoto akimwona baba yake ametulia, naye atatulia. Kumbe nilikuacha peke yako, nami nipo hatua tatu."

Walikaa hivyo, mkono wa binti katika mkono wa baba, na jua la alasiri likiwa sakafuni, na kwa mara ya kwanza katika umri wake wa utu uzima hakuinuka kwenda kulifungia pazia.

"Huyo mwanamume amekosa adabu," mzee alisema hatimaye. "Hilo halina mjadala, wala usilipunguze. Na kheri iliyotoka ndani yake, usiipunguze nayo. Meza moja tumekula miaka yote hii bila kulizungumza jambo hili. Uamuzi ni wako. Mimi sitamposea mtu, na sitamfukuza mtu."

Ijumaa, saa tatu asubuhi, mpima masikio alipanda ngazi za jengo alimofanyia kazi mwanamume. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: meza mbili, waya zilizofungamana kama tambi, makopo, minyororo, mlango mkuukuu usio na ukuta aliokuwa akinasia milio yake. Mwanamume alisimama. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja tu.

"Sikumtuma dada yangu," alisema mara moja.

"Najua. Masikio yake ni mazima, mwambie."

"Nimeifuta."

"Hilo pia najua. Kaa." Mwenyewe akaketi mbele yake. "Nakuuliza jambo moja, ujibu kwa ukweli. Siku ile kwenye benchi, nilipokuwa nasimulia, ulikuwa unanisikiliza mimi au ulikuwa unaisikiliza gemu yako?"

Mwanamume alifikiri kwa muda mrefu, na urefu huo ndio uliomtuliza mwanamke, kwa kuwa mwongo hujibu upesi.

"Ulipoanza, wewe. Uliposema kumi, gemu. Kisha nikaona haya, nikarudi kwako. Lakini nilikwisha kwenda."

"Umesema kweli."

"Kweli haitoshi."

"Haitoshi. Ila bila hiyo nisingekaa." Akatoa pumzi. "Mimi mama yangu simrudishi kwenye hedifoni za watu. Hilo lishike. Lakini jana nimegundua kuwa hata ilipokuwemo, gemu yako ilikuwa na upungufu. Umemweka msikilizaji peke yake. Mle sebuleni kulikuwa na mtu wa pili, anayemsikiliza yule anayesikiliza, akijifanya amelala. Fikiria huyo. Hawezi hata kuhesabu kwa sauti."

Alimsimulia habari ya penseli. Mkono wa mwanamume ulikwenda wenyewe kuelekea kalamu iliyokuwa mezani, ukafika nusu ya njia, ukasimama, ukarudi ukatulia juu ya paja.

"Hilo ni lako au ni la baba?" aliuliza.

"Ni la baba."

"Basi sisikii kitu mpaka nimwulize yeye. Na akikataa, limekwisha, tutatafuta jingine."

Mpima masikio aliutazama ule mkono uliotulia, akahisi kitu ndani yake kikishusha mzigo. "Utamwuliza lini?"

"Leo, ukiniruhusu kuja. Wazee niliwaambia wasije, kama ulivyosema."

"Wakasemaje?"

"Mjomba amesema kanzu yake imeshapigwa pasi, na kanzu hairudi kabatini kwa ujumbe wa simu. Anasema hata kama ni kuomba msamaha, yeye anakuja kuomba."

"Huyo mjomba nimempenda."

"Na mpwa wake?"

"Mpwa wake apige pasi upande wa pili wa shati, ndipo tuzungumze."

Baada ya sala ya Ijumaa, sebule ya fundi cherehani ilijaa viatu mlangoni na salamu ndani. Mjomba alikuwa wa kwanza kuketi na wa mwisho kunyamaza. Mchoraji alikaa upande wa wanawake, nyuma ya mlango, karibu na wifi yake, akimkanyaga mguu kila mjomba alipotia chumvi. Maneno ya ada yalipokaribia, mwanamume, kinyume cha utaratibu, aliomba ruhusa aseme mwenyewe.

"Mzee wangu," alisema, "nimekuja na maombi mawili. Moja ni la kitu chako ulichokiweka miaka mingi, nami nimekisikia bila idhini yako. La pili unalijua. Yote mawili yananikausha koo, na sijui lipi ni adabu kulitanguliza."

Mzee alikigusa kifaa chake cha sikio, akaona kimekaa vyema, akamwinamia.

"Tanguliza lile unaloliogopa zaidi," alisema.

Nyuma ya mlango mpima masikio alishika pumzi yake, na kabla hajahesabu hata moja, mwanamume aliketi sawasawa, akaanza na lile la binti.